Mwongozo Kamili wa Kurudisha Ardhi ya Mgodi Mdogo na Kudhibiti Magugu

Vikundi vingi vya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Kanda ya Ziwa hushindwa kurudisha ardhi waliyoichimba, na hushindwa kwa namna ileile. Mamia ya miche hupandwa juu ya kifusi kitupu mwishoni mwa masika, hunyauka kiangazi kabla mizizi haijashika, na mvua za vuli zinapoanza, mahali pa miche huota magugu vamizi kama gugu karoti na lantana. Mwaka unaofuata miche mingine hununuliwa na hasara hujirudia.

Kosa liko katika mpangilio wa kazi. Maji hushughulikiwa kwanza, udongo hufuata, kisha nyasi, na miti huja mwisho. Magugu hayana zamu yao, kwa sababu hudhibitiwa katika kila hatua, tangu siku mtambo wa kwanza unapoingia eneo la leseni; maelezo yake tu ndiyo yamekusanywa katika hatua ya 7. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo nchini Tanzania hudumu miaka 7, na ambaye kwa kanuni za mwaka 2010 za utunzaji wa mazingira katika uchimbaji mdogo anatakiwa kuwa na mpango wa kutunza mazingira. Mpango huo usibaki karatasi ya kupatia leseni tu. Hatua zilizo hapa chini zinaweza kuandikwa ndani yake moja kwa moja.

## Vitu vya kuandaa

- Ramani ya leseni na daftari gumu la kumbukumbu.
- Fremu A ya kupimia usawa wa ardhi: miti 2 yenye urefu wa mita 2, mti mmoja wa kukingama katikati, kamba na jiwe la timazi.
- Sururu, mitalimbo, majembe, beleshi, panga na toroli. Kwa eneo linalozidi ekari moja, panga bajeti ya kukodi buldoza na tipa kwa siku chache.
- Karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi), chokaa ya kilimo, samadi au mboji iliyoiva.
- Mbegu za mikunde, yaani marejea na fiwi, vipando vya nyasi za ukoka na vetiva, miche ya miti ya asili.
- Glovu ndefu, barakoa, mashati ya mikono mirefu, viroba visivyotoboka na turubai.
- Fremu ya mbao yenye upana wa mita 1 kwa mita 1, kwa ajili ya kupima uoto.

Usinunue miche sasa. Agiza kitaluni miezi 4 hadi 6 kabla ya kupanda miti katika hatua ya 8, kwa kuwa miche inayokaa muda mrefu kwenye viriba hujikunja mizizi na haistawi tena ikipandwa.

## Hatua ya 1: Chora ramani na mkubaliane matumizi ya baadaye

Tembea eneo lote na kuweka kwenye ramani maduara (mashimo ya kuchimbia dhahabu), malundo ya kifusi, marudio (mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa), mialo ya kuoshea dhahabu, njia za magari, mikondo ya maji na kila kichaka cha magugu vamizi, hata kama ni shina moja. Kisha kaa na serikali ya kijiji na wafugaji wa jirani mkubaliane kila sehemu itakuwa nini baada ya uchimbaji: malisho, msitu au eneo lililofungwa daima.

Makubaliano haya huja kwanza kwa sababu yanaamua kila kitu kingine. Eneo la malisho linahitaji nyasi nyingi na miti michache, wakati eneo lenye marudio ya zebaki halifai kwa malisho wala kwa mahindi, hata likionekana la kijani namna gani.

Umefanikiwa ukiwa na ramani moja, iliyosainiwa na pande zote, ambayo mtu asiyekuwapo kikaoni anaweza kuisoma na kuelewa.

## Hatua ya 2: Okoa udongo wa juu

Hapa ndipo kazi nzima hupatia au huharibika. Udongo wa juu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30, ndio wenye mbegu za nyasi za asili, mizizi inayochipua, kuvu wanaosaidia mizizi kunyonya madini, na karibu rutuba yote. Ukichanganywa na kifusi cha chini umepotea, na hakuna mbolea ya dukani inayoweza kuurudisha.

Kabla ya kufungua duara jipya au kusafisha eneo la mwalo, kwangua udongo huo ukiwa mkavu kiasi, kwa kuwa ukikwanguliwa ukiwa tope hushikamana na kukosa hewa. Urundike mahali pasipo na mkondo wa maji wala njia ya magari, kwa kimo kisichozidi mita 2. Lundo refu huwa zito na kukosa hewa sehemu ya ndani, na viumbe wa udongo hufa.

Panda marejea juu ya lundo mara mvua inaponyesha. Mmea huu wa jamii ya mikunde huongeza naitrojeni, huzuia udongo kubebwa na maji, na hufunika lundo kabla gugu karoti halijapata nafasi. Lundo lililoachwa wazi hugeuka kuwa kitalu cha magugu, na siku ya kulitandaza unakuwa unapanda magugu eneo zima kwa mkono wako mwenyewe. Udongo uliotoka mahali palipokuwa na magugu vamizi urundikwe peke yake na uwekewe alama.

Piga hesabu mapema. Kufunika hekta 1 kwa unene wa sentimita 20 kunahitaji mita za ujazo 2,000, ambazo ni safari 200 za tipa la mita za ujazo 10. Ndiyo maana lundo liwe karibu na mahali litakapotumika.

Ikiwa udongo wa juu ulishapotea zamani, usijaribu kufunika eneo lote kwa udongo wa kununua. Elekeza mboji kwenye mashimo ya kupandia na kwenye mistari ya makinga maji pekee. Samadi mbichi isitumike, kwa maana hubeba mbegu za magugu zikiwa hai. Ivundike mpaka joto la ndani lifike nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, na uipindue ili sehemu ya nje nayo iingie ndani. Chuma kilichochomekwa katikati ya lundo kikitoka kikiwa cha moto usioweza kukishika kwa muda, lundo linafanya kazi yake.

Umefanikiwa ikiwa lundo limefunikwa na marejea, halina mifereji ya mmomonyoko, na udongo wake ukishikwa mkononi unamomonyoka na kunukia udongo wa shambani.

## Hatua ya 3: Funga maduara na ulaze miteremko

Onyo: mtu yeyote asishushwe katika duara la zamani kwenda kukagua. Hewa ya chini huweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na mtu hupoteza fahamu kabla hajavuta kamba.

Toa taarifa kwa Afisa Madini Mkazi, kisha hakikisha kwamba duara halijaungana chini kwa chini na duara la jirani ambalo bado lina watu. Jaza kwa mawe makubwa kwanza, yakifuatiwa na madogo, halafu kifusi laini, na mwisho udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Acha kichuguu kinachozidi usawa wa ardhi kwa angalau nusu mita, kwa sababu kifusi kitashuka kadiri mvua zinavyopita. Marudio yasitumike kujazia, maana yatapeleka zebaki kwenye maji ya chini ya ardhi.

Malundo ya kifusi yaliyomwagwa tu hukaa kwa mteremko wa nyuzi 35 hivi, na mteremko huo haushiki udongo wala mbegu. Yalaze mpaka kila mita 1 ya kimo iwe na mita 3 za ulalo, yaani nyuzi 18 hivi. Lundo la kimo cha mita 6 litahitaji mita 18 za ulalo kutoka kileleni hadi chini, hivyo pima nafasi kabla ya kuita buldoza. Mahali ambapo watu wa kijiji bado wanachambua magwangala (mawe ya taka yenye mabaki ya dhahabu), maliza makubaliano nao kwanza, la sivyo mteremko mpya utachimbuliwa wiki inayofuata.

## Hatua ya 4: Tenga vitu vyenye sumu

Marudio yaliyopita kwenye zebaki, na mabaki ya viplanti vya sianidi (mitambo ya kuchenjulia dhahabu), hayatandazwi kama udongo. Sianidi huvunjika polepole kwa jua na hewa, lakini zebaki na metali nyingine hubaki. Yakusanye sehemu moja iliyoinuka, mbali na mto na visima, yafunike kwa tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa kisha udongo, panda nyasi tu, zungushia uzio, na andika kwenye ramani kwamba hapo halimwi wala halilishwi.

Pima pia asidi. Mawe yenye chembe za manjano zinazometa, yakikutana na maji na hewa, hutoa asidi, na dalili yake ni maji ya rangi ya kutu chini ya lundo. Wengi hudhani chokaa itamaliza tatizo. Tani 1 ya mwamba wenye asilimia 1 ya salfa ya aina hiyo huhitaji kilo 31 hivi za kalisi kaboneti, ambayo ndiyo kiini cha chokaa, kwa hiyo tani 1,000 zinahitaji tani 31. Ni nafuu zaidi kuyatenga mawe hayo mapema, kuyazika katikati ya lundo na kuyafunika kwa mfinyanzi, kisha chokaa itumike kwa udongo wa juu pekee pale pH inaposhuka chini ya 5.

## Hatua ya 5: Elekeza maji

Kwa fremu A, piga mistari ya kontua, yaani mistari ya usawa mmoja inayokatiza mteremko, kuanzia juu kuteremka. Chimba makinga maji kwenye mistari hiyo na kutupa udongo upande wa juu, kama ifanyikavyo kwa matuta ya fanya juu. Maji yanayotoka nje ya eneo yakingwe kabla hayajafika kwenye kifusi, na yanayotoka ndani yapite kwenye shimo la kutuamisha tope.

Subiri mvua kubwa moja kabla ya kuendelea. Itakuonyesha mahali ulipokosea kwa gharama ndogo, wakati udongo wa juu bado uko salama kwenye lundo.

Umefanikiwa ikiwa baada ya mvua hiyo hakuna mfereji mpya unaoweza kuingiza mguu, na maji katika makinga yamezama kufikia kesho yake.

## Hatua ya 6: Pasua ardhi na utandaze udongo

Ardhi iliyokanyagwa na matipa ni ngumu kiasi kwamba mzizi hupinda na maji husimama juu. Ipasue kwa kina cha sentimita 50 kwa kufuata kontua, na kamwe si kwa kuteremka. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji jioni, na uangalie asubuhi: yakibakia, rudia kupasua.

Ndipo utandaze udongo wa juu, mwanzoni mwa mvua, kwa siku ambazo una uhakika wa kupanda nyasi mara moja. Acha uso uwe na mabonde na vinundu, kwa sababu uso laini unaopendeza macho hukusanya maji vibaya na kupeperusha mbegu. Baada ya hapo gari lolote lisipite tena.

## Hatua ya 7: Dhibiti magugu

### Yazuie langoni

Magugu mengi vamizi huingia migodini kwa magurudumu, minyororo ya buldoza, moramu na majani ya kufungia mizigo. Uliza mtambo ulifanya kazi wapi mara ya mwisho kabla ya kuukodi. Uwe na lango moja, na mahali pa kuoshea matope panapomwaga maji kwenye shimo moja. Kagua ukingo wa shimo hilo kila wiki, kwa maana hapo ndipo mgeni yeyote ataota kwanza, na utamtambua angali mche. Moramu na mchanga visichukuliwe kwenye shimo ambalo kingo zake zina gugu karoti.

### Gugu karoti

Lina majani yaliyokatika kama ya karoti na vishada vya maua madogo meupe. Huweza kutoa maua kati ya wiki 4 na 6 tangu kuota, na mmea mmoja huweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000. Kwa hiyo mzunguko wa ukaguzi wakati wa mvua uwe kila wiki 3, kwa sababu ukaguzi wa kila mwezi utalikuta tayari limetoa maua.

Ling'oe likiwa bado limelaza majani chini, udongo ukiwa na unyevu, mzizi utoke mzima. Lililokwisha kuchanua livikwe kiroba kwanza, likatwe chini yake, kisha likaushwe juu ya turubai na kuchomwa ndani ya shimo. Kulifyeka kwa panga hutawanya mbegu, na shina huchipua upya. Glovu, barakoa na mikono mirefu ni lazima, kwani gugu hili husababisha vipele na pumu, na mtu aliyeanza kupata vipele aondolewe kabisa katika kazi hiyo. Lisipewe mbuzi wala ng'ombe. Huharibu ladha ya maziwa na nyama.

### Lantana

Kuikata au kuichoma moto peke yake ni kuipogoa. Kata matawi, kisha chimbua kitako cha shina kwa sururu pamoja na mizizi mikubwa, na uigeuze mizizi juu ikauke. Ndege hula matunda yake na kudondosha mbegu, hivyo tafuta miche yake chini ya miti mirefu na nyaya za uzio. Ng'ombe wanaoila huugua ini na ngozi hubabuka juani.

### Mpangilio wa kung'oa

Anza sehemu zenye magugu machache na kuelekea kwenye kichaka kikubwa. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa kichaka ndicho kinachoudhi, na wakati wanahangaika nacho mashina machache ya pembeni huzaa vichaka vipya. Siku hiyohiyo unapong'oa, panda ukoka au marejea mahali palipobaki wazi.

### Viuagugu

Vitumike mwisho, kwa mashina yaliyoshindikana kung'olewa. Nunua vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, fuata kipimo cha kibandiko, usipulize siku ya upepo wala mvua inapokaribia, na usipulize kabisa karibu na madimbwi, visima na mashimo yenye maji. Dawa inayopulizwa kwenye majani haiui mbegu zilizo ardhini, hivyo ukaguzi wa wiki 3 unaendelea kama kawaida. Makopo matupu yatobolewe ili yasichotewe maji ya kunywa.

Umefanikiwa ikiwa misimu miwili ya mvua imepita bila gugu karoti hata moja kufikia maua ndani ya eneo lako. Kazi itaendelea baada ya hapo, kwani mbegu zake hukaa ardhini kwa miaka kadhaa, lakini itakuwa nyepesi kila msimu.

## Hatua ya 8: Nyasi kwanza, miti baadaye

Pandikiza ukoka kwa umbali wa sentimita 30, ukichanganya na marejea na fiwi. Kwenye miteremko mikali panda mistari ya vetiva kwa kufuata kontua, kipando hadi kipando kikiwa sentimita 10 hadi 15. Usimwage urea, kwa kuwa magugu hula haraka kuliko nyasi za asili na ndiyo yatakayofaidi.

Kabla ya kupanda miti, tafuta visiki vilivyo hai. Chagua machipukizi 3 hadi 5 yenye nguvu, pogoa mengine, na utapata mti wenye mizizi ya miaka mingi bila kuumwagilia. Wakulima wa Dodoma wanaiita njia hii kisiki hai. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa yapumzike, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulionyesha kwamba ardhi iliyochakaa hurudi kwa njia hiyo. Ngitili ya jirani ndiyo chanzo bora cha mbegu zako, kwa kuwa miti yake imekwisha kuzoea mvua na udongo wa hapo.

Miche ipandwe msimu wa mvua unaofuata baada ya nyasi kushika, mvua zikianza na si zikiisha. Mashimo ya sentimita 60 kila upande, kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, yatachukua miche 625 kwa hekta. Mkwaju, migunga ya asili na mpingo hufaa. Epuka kabisa mathenge, mti vamizi wenye miiba: huko Baringo, Kenya, ilipandwa miaka ya 1980 ili kuokoa ardhi kavu, na leo ndiyo iliyofunga malisho.

Jaribu aina nyingi kwa idadi ndogo kabla ya kuagiza maelfu. Katika machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, Mombasa, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kurudisha ardhi mwaka 1971, aina 26 za miti zilijaribiwa na 3 tu zikastahimili, mvinje ukiwa mmoja wao. Hata hivyo majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa jongoo wa kuyala na kuyageuza udongo. Kwa hiyo ukiwaona jongoo, mchwa na minyoo wakirudi kwenye eneo lako, waandike kwenye daftari kama unavyoandika miche iliyoshika.

## Hatua ya 9: Pima, andika na fungua malisho kwa zamu

Chagua vituo 10 visivyohama, piga vigingi, na kila mwisho wa masika na vuli weka fremu ya mita 1 hapo. Andika sehemu iliyofunikwa na mimea, aina za magugu na idadi yake, kisha piga picha ukisimama palepale na kuelekea upande uleule. Nakala moja ya daftari ibaki ofisi ya kijiji, kwa kuwa viongozi wa kikundi hubadilika kabla ya leseni kwisha.

Pendekezo langu ni kwamba mifugo isiingie kabla vituo vyote havijafikia asilimia 70 ya uoto kwa misimu miwili mfululizo, na kituo kimoja kikiwa chini ya hapo, sehemu yake ibaki imefungwa. Mifugo iliyotoka mahali penye magugu vamizi ikae zizini siku kadhaa kwa majani safi, ili mbegu zilizo tumboni zitoke humo. Samadi ya zizi hilo ivundikwe kama ilivyoelezwa katika hatua ya 2, na ukaguzi wa wiki 3 uanze upya kwenye njia watakayopitishwa.